Dozi inayovuka bahari: mwongozo kamili wa kutengeneza FDG kwa saiklotroni na kuifikisha kwa mgonjwa wa Unguja na Pemba

FDG, dawa ya sindano inayotumika kupiga picha za saratani, ikitoka mtamboni saa 12 kamili asubuhi, ikifika saa 2 kasoro dakika 10 nusu yake imeshakwisha. Haikumwagika wala haikuoza. Florini-18, isotopu (aina ya atomu, hii ni yenye mionzi) inayoiwezesha FDG kuonekana kwenye mashine ya PET inayopiga picha za ndani ya mwili, ina nusu-uhai wa dakika 110: kila zikipita dakika 110 hubaki nusu ya ile iliyokuwapo. Saa 4 kasoro dakika 20 imebaki robo. Huwezi kuiweka kwenye friji ikasubiri, huwezi kuagiza ya mwezi mzima, na boti ikiahirishwa safari hakuna cha kuokoa.

Kwa sisi watu wa visiwani hilo ndilo suala lenyewe. Nimekutana na vijana wengi wa sayansi wanaouliza lini Zanzibar itanunua saiklotroni, mtambo unaosukuma chembe kwa kasi ili kutengeneza isotopu kama hii, na wachache mno wanaouliza nani atapokea dozi uwanjani, nani atahakiki kipimo chake na mgonjwa awe amekula nini jana yake. Mwongozo huu ni wa wote: mwanafunzi wa SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) anayefikiria kazi hii, fundi na mtawala wa hospitali, na jamaa wa mgonjwa aliyeandikiwa kipimo cha PET. Jamaa wa mgonjwa anaweza kuruka moja kwa moja hadi hatua ya saba.

Kwanza liwekwe wazi hili: FDG haitibu saratani. Ni glukosi iliyobadilishwa kidogo na kufungwa florini-18. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa, kwa hiyo FDG hujikusanya humo na mashine huonyesha ilipo. Daktari hutumia picha hiyo kuamua kama uvimbe utakatwa, mionzi ielekezwe wapi, au dawa za kemo zinafanya kazi au zinamtesa mgonjwa bure. Isotopu zinazotibu zipo na nitazitaja, lakini kituo chochote cha saiklotroni huanza na FDG, na anayeimudu FDG ameshajifunza sehemu kubwa ya kazi.

Hatua ya kwanza: anza na saa ya mgonjwa, urudi nyuma

Usianze na mtambo. Anza na saa ambayo sindano itaingia mshipani.

Tuseme saiklotroni iko Dar es Salaam na mashine ya PET iko Unguja. Kuna wagonjwa wanne, kila mmoja anahitaji MBq 370 (megabekereli, kipimo cha wingi wa mionzi; MBq 1,000 ni GBq 1), dozi ya kawaida ya mtu mzima. Mashine ni moja, kwa hiyo wanachomwa sindano kwa kupishana nusu saa: saa 4:00, 4:30, 5:00 na 5:30 asubuhi. FDG inakamilika kutengenezwa Dar saa 12:30 asubuhi. Je, chupa itoke na kiasi gani?

Kanuni ni moja tu. Chukua dakika kutoka kutengenezwa hadi sindano, gawa kwa 110, kisha pandisha 2 kwa kipeo cha jibu hilo. Mgonjwa wa kwanza ana dakika 210: jibu ni 3.76, maana yake asubuhi lazima kuwe na dozi yake mara 3.76. Wa pili, dakika 240, ni mara 4.54. Wa tatu mara 5.48. Wa nne, dakika 300, mara 6.62. Jumlisha, zidisha kwa 370, unapata MBq 7,543, yaani GBq 7.5 hivi. Wagonjwa hao hao wanne wangekuwa jengo moja na mtambo, wakianza saa 1:00 asubuhi, wangehitaji GBq 2.4 tu. Bahari imetutoza mara tatu.

Sasa jaribu kuchelewa. Saa moja tu ya kukwama bandarini inabakisha asilimia 68 ya kilichokuwapo. Kama hukuongeza akiba, mgonjwa wa nne amekosa, naye ameshinda na njaa tangu jana. Kwa hiyo unapoandika oda, weka akiba ya angalau saa nzima, na panga tangu mwanzo nani atasogezwa siku nyingine mambo yakiharibika. Asiwe yule aliyetoka mbali.

Rudi nyuma zaidi. FDG ikamilike saa 12:30, basi kemia ianze saa 12:00. Mwale wa protoni, chembe ambazo mtambo huzisukuma kutengeneza florini-18, uwake saa 11:00 alfajiri, karibu na adhana. Wahandisi wawe wameshawasha sumaku na kukagua mtambo tangu saa 9 au 10 za usiku. Hii ni kazi ya watu wa alfajiri, na anayetaka kuisomea alijue hilo mapema.

Hatua ya pili: jua kipi kinatoka kwenye saiklotroni na kipi hakitoki

Watu huchanganya. Iodini-131, inayotibu saratani ya tezi la shingo, ina nusu-uhai wa siku 8 na hutengenezwa kwenye vinu vya nyuklia. Lutesi-177 inayotumika dhidi ya saratani ya tezi dume hutoka vinuni pia. Teknesi-99m, inayotumika zaidi kuliko zote duniani kwa picha, hutokana na molibdeni-99, na kinu cha SAFARI-1 cha Pelindaba, Afrika Kusini, ni miongoni mwa wazalishaji wake wakubwa.

Saiklotroni hutoa florini-18, kaboni-11 yenye nusu-uhai wa dakika 20, nitrojeni-13 ya dakika 10, gali-68, shaba-64, zirkoni-89 na iodini-123. Upande wa tiba, saiklotroni hutengeneza paladi-103, inayowekwa kwenye vipande vidogo kama punje na kupandikizwa ndani ya tezi dume, na astatini-211 ya saa 7.2 ambayo watafiti wanaifukuzia kwa sababu chembe zake za alfa huua seli kwa masafa mafupi sana. Astatini inahitaji saiklotroni inayosukuma chembe za alfa zenyewe, na mitambo mingi ya hospitali haina uwezo huo. Ukisikia kituo kinasema kina saiklotroni, uliza ni ya chembe gani na nguvu gani kabla hujamwahidi mgonjwa tiba.

Hatua ya tatu: ndani ya mtambo

Ernest Lawrence wa Berkeley, Marekani, ndiye aliyeibuni saiklotroni. Ya kwanza kufanya kazi, mwaka 1931, ilienea kiganjani. Mwaka 1939 alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia. Ya hospitali leo ina uzito wa tani nyingi, karibu wote ni chuma cha sumaku.

Gesi ya haidrojeni huingia kwenye chanzo cha ioni katikati ya mtambo, ambako atomu hubebeshwa elektroni ya ziada na kuwa ioni hasi. Sumaku huzilazimisha ziende kwa mzunguko. Humo ndani kuna vyumba vya shaba vilivyo wazi katikati, na umeme wake hubadilika chanya na hasi mamilioni ya mara kwa sekunde. Kila ioni inapovuka mwanya kati ya chumba na chumba husukumwa kidogo, wakati ule ule unaofaa, kama mtoto anayesukumwa kwenye pembea ya sikukuu. Inaongeza kasi, duara linapanuka, inazunguka tena na tena mpaka ukingoni. Yote haya hufanyika kwenye ombwe, kwani ioni ikigonga hewa imepotea.

Ukingoni kuna utando mwembamba mno wa kaboni. Ioni ikipita hapo elektroni zake mbili huvuliwa, inabaki protoni tupu yenye chaji chanya, na sumaku ile ile iliyokuwa ikiipinda ndani sasa inaitupa nje, moja kwa moja kwenye shabaha. Mitambo ya hospitali hufikisha protoni kwenye nguvu ya MeV 10 hadi 20 (MeV ni kipimo cha nguvu ya chembe).

Utando huo huchakaa, na chanzo cha ioni huchakaa. Andika saa za kila kimoja na ukibadilishe kabla hakijafa, kwa sababu kikifa saa 11 alfajiri hakuna FDG siku hiyo.

Hatua ya nne: shabaha na maji yake

Shabaha ni kijitungi cha chuma kigumu kama niobi, chenye maji ya mililita 2 au 3 tu. Si maji ya bomba. Katika maji ya kawaida, oksijeni-18 ni asilimia 0.2 tu ya oksijeni yote. Haya yamesafishwa mpaka ikazidi asilimia 95, na ni ghali sana. Protoni ikigonga kiini cha oksijeni-18 inaingia, neutroni inatoka, na kiini kimegeuka florini-18.

Mwale hupita kwenye utando wa chuma kabla ya kufika majini, na joto ni kali kiasi kwamba utando hupozwa kwa gesi ya heli na kijitungi hupozwa kwa maji yanayopita nyuma yake. Wakati wa kazi macho yawe kwenye mambo mawili: kiasi cha umeme wa protoni kinachofika shabahani, na shinikizo la ndani. Shinikizo likishuka ghafla, kuna mvujo. Zima mwale mara moja, usisubiri kuona kama litapanda.

Hakuna mtu chumbani mwale ukiwaka. Neutroni zinazotoka ndizo sababu ya kuta za zege zenye unene wa karibu mita 2, au za ngao nzito inayoukumbatia mtambo wenyewe. Mlango ukifunguliwa mwale hujizima, na kufuli hilo hujaribiwa mara kwa mara, si kwa kuamini kwamba jana lilifanya kazi.

Ni muda gani wa kupiga? Mwanzoni florini-18 huongezeka haraka, kisha kadiri inavyojaa ndivyo inavyokufa humo humo shabahani. Ukipiga kwa dakika 110 unapata nusu ya upeo wa juu, ukipiga mara mbili yake unapata robo tatu. Kuongeza saa baada ya hapo ni kupoteza umeme na kuchakaza mtambo.

Hapa pana hesabu ambayo ningependa kila mpangaji wa afya wa Zanzibar aifanye mwenyewe. Shabaha nzuri kwenye MeV 16 au 17 ina upeo wa karibu GBq 8 kwa kila mikroampea moja ya umeme wa protoni. Ukipiga kwa mikroampea 40 upeo ni GBq 320. Wagonjwa wetu wanne wanahitaji GBq 7.5 ya FDG iliyokamilika, na kwa kuwa kemia na muda wake hubakisha karibu asilimia 60, tunahitaji GBq 12.6 za florini mwisho wa mwale. Hizo zinapatikana kwa dakika zisizofika 10. Saa moja ya mwale inatoa karibu GBq 100. Saiklotroni moja ya Dar ikiwahudumia wagonjwa wake, oda ya Unguja ni nyongeza ndogo kwenye chupa ile ile.

Hatua ya tano: kemia ndani ya kabati la risasi

Maji yenye florini husukumwa kwa gesi kupitia mrija mwembamba hadi kwenye kabati lenye kuta za madini ya risasi. Ndani yake mashine ndogo inayojiendesha yenyewe hufanya kila kitu. Fundi hutazama kwenye skrini, hagusi.

Maji hupitishwa kwanza kwenye kichujio kinachonasa floridi na kuacha maji ya oksijeni-18 yapite, yakusanywe. Kisha floridi huoshwa itoke kwa kaboneti ya potasi pamoja na Kryptofix, kemikali inayoikumbatia potasi ili floridi ibaki huru kufanya kazi. Mchanganyiko hukaushwa kwa asetonitrili. Ukavu huu ndio moyo wa jambo: floridi iliyozungukwa na maji haitaki kuungana na chochote. Mara nyingi mavuno yakishuka bila sababu ya wazi, tafuta unyevu, na ukumbuke hewa ya pwani yetu imejaa unyevu. Chupa za kemikali zifunguliwe dakika ya mwisho.

Baada ya hapo huingizwa triflati ya manosi, sukari iliyofunikwa sehemu zake zote isipokuwa pale florini inapotakiwa kukaa. Florini inakaa. Vifuniko huondolewa kwa asidi au alkali, FDG husafishwa kwenye vichujio kadhaa, na mwisho hupita kwenye chujio lenye matundu ya mikroni 0.22 ambayo bakteria hawapiti. Yote ni dakika 25 hadi 30. Kwa chupa yenye safari ndefu huongezwa ethanoli kidogo mno, kwa sababu mionzi ikiwa nyingi ndani ya mililita chache huivunja FDG yenyewe.

Hatua ya sita: ukaguzi, kisha kuvuka

Kila chupa ni dawa ya kuingizwa mshipani, na haitoki mpaka ikaguliwe. Itazamwe nyuma ya kioo cha risasi: iwe safi, bila chembe. Asidi yake iwe kati ya pH 4.5 na 7.5 kwa kanuni za Marekani. Nusu-uhai upimwe, uangukie kati ya dakika 105 na 115. Ukitoka nje ya hapo kuna isotopu nyingine humo. Usafi wa kikemia uonyeshe kwamba angalau asilimia 90 ya mionzi, au 95 kwa kanuni za Ulaya, imo ndani ya FDG na si floridi iliyobaki huru, kwani floridi huru hukimbilia mifupani na kumdanganya daktari. Kryptofix isizidi mikrogramu 50 kwa mililita. Sumu za bakteria zipimwe. Chujio la mwisho lijaribiwe kwa shinikizo kama bado ni zima.

Mkaguzi awe mtu tofauti na aliyetengeneza, na awe na mamlaka ya kusema hapana hata kama ndege inasubiri. Hapo ndipo watu hushawishika. Wagonjwa wanne wana njaa, dereva anapiga honi, na kipimo kimoja kimekuja pembeni kidogo. Isitoke.

Ikikubaliwa, chupa huingia kwenye chombo cha risasi. Sentimita 5 za risasi hupunguza mionzi ya florini-18 karibu mara elfu moja. Bila ngao, GBq 7.5 humpa mtu aliyesimama mita moja zaidi ya milisiverti 1 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) kwa saa, na milisiverti 1 ndicho kikomo cha mwaka mzima kwa raia wa kawaida. Risasi si hiari. Chombo huwekwa ndani ya kifurushi cha Aina A, ambacho kwa florini-18 kinaruhusiwa kubeba hadi TBq 0.6 (yaani GBq 600), kiasi kikubwa mno kuliko chetu. Nje kuna lebo ya mionzi, namba UN2915 na hati za mpokeaji.

Usafirishaji unahitaji kibali cha Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, inayofanya kazi chini ya Sheria ya 2003. Tafuta kibali miezi kabla, si wiki. Zungumza na shirika la ndege au la boti, bandari ya Malindi na Uwanja wa Abeid Amani Karume kabla ya chupa ya kwanza, kwa sababu rubani au nahodha ana haki ya kukataa mzigo huu, na anayeusikia kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo atakataa tu.

Ndege au boti? Boti za kasi huchukua karibu saa 2, na wakati wa kusi bahari ya kati ya Dar na Unguja huchafuka hata safari zikafutwa. Ndege hupaa dakika 20 hivi. Muda mrefu ni wa kwenda uwanjani, kukaguliwa na kupakia, na huo unaweza kupunguzwa kwa makubaliano mazuri. Ningechagua ndege kwa dozi na boti kwa akiba. Nairobi pia ni njia: Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zote zina saiklotroni, na ndege ya moja kwa moja ni saa 1 na nusu hivi. Hesabu ya hatua ya kwanza itakuambia oda iongezwe kiasi gani.

Unguja, mpokeaji apanguse nje ya kifurushi kwa karatasi na kuipima ajue kama kuna kuvuja, aweke chupa kwenye kipima-dozi, alinganishe na hesabu ya Dar iliyopunguzwa kwa muda wa njiani. Namba zikitofautiana sana, asimchome mtu. Kwanza alinganishe saa: saa ya maabara moja iliyokosea dakika 10 inaharibu dozi kwa asilimia 6.

Sasa lile swali la vijana: kwa nini tusiwe na saiklotroni yetu? Watu wa Zanzibar kwa sensa ya 2022 hawafiki milioni 1.9, na mtambo mmoja hutosha mamilioni zaidi ya hao. Umeme wetu hutoka bara kwa nyaya za chini ya bahari. Waliokuwapo wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani karibu mwezi mzima mwaka 2008, kisha tena kutoka Desemba 2009 hadi Machi 2010. Hali imebadilika tangu waya mpya ulipowekwa 2013, lakini ombwe na sumaku havitaki umeme unaokatika hata kwa dakika. Ningeanza na mashine ya PET, chumba cha kupokea dozi, na vijana kumi waliosomeshwa vizuri. Mtambo uje baada yao.

Hatua ya saba: mgonjwa

Kama unatoka Pemba, vuka siku moja kabla. Usije na boti ya siku ile ile. Ukibeba mizigo bandarini Mkoani, ukakimbia, ukatapika njiani, misuli yako itakula FDG na picha itachafuka. Saa 24 kabla ya kipimo usifanye kazi nzito: usilime, usitwange, usiendeshe baiskeli masafa.

Usile chochote kwa saa 6 kabla ya sindano. Jana yake punguza sana wanga na sukari: acha wali, mkate wa kumimina, muhogo, ndizi, urojo, halua na chai ya sukari. Kula samaki, mayai, kuku, nyama, mchicha, bamia. Kunywa maji mengi, tena maji matupu. Usitafune kitu chochote asubuhi hiyo, hata ubani wa kutafuna au tambuu, kwa sababu misuli ya taya nayo hula sukari.

Mwezi wa Ramadhani, watu wengi hudhani saumu imeshawatosha. Njaa imetosha, lakini unahitaji maji kabla na baada ya sindano ili dawa itoke kwenye figo na kibofu. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Muulize sheikh wako mapema na umwambie daktari ulivyoamua. Daku isiwe ya wanga.

Mwenye kisukari aseme siku anayopangiwa tarehe. Sukari ikizidi milimoli 11.1 kwa lita siku hiyo, kwa kawaida kipimo huahirishwa, kwa kuwa glukosi ya kawaida inashindana na FDG. Insulini ya haraka ikichomwa karibu na kipimo husukuma FDG yote misulini. Usiache dawa wala usibadilishe saa zake kwa uamuzi wako.

Baada ya sindano utalala kimya karibu dakika 60, umefunikwa shuka ili usipate baridi, kwani mwili unaotetemeka huchoma sukari. Simu pembeni. Ukiwa unachunguzwa kichwa au shingo, usiongee kabisa, na dua isomwe moyoni, maana misuli ya koo inayofanya kazi huwaka kwenye picha. Nenda chooni kabla ya kuingia mashineni. Picha huchukua dakika 15 hadi 30.

Ukirudi nyumbani kunywa maji, kojoa mara kwa mara, na kwa saa zilizobaki za siku hiyo usipakate mtoto mchanga wala kukaa bega kwa bega na mja mzito. Mama anayenyonyesha afuate maagizo ya kituo, na ayaulize kabla ya sindano ili awe ameshakamua maziwa. Kesho yake hakuna kilichobaki cha kuhofia: baada ya saa 18 na dakika 20 imebaki sehemu moja katika 1,024. Jamaa wasimtenge.

Na picha ikisema kuna mahali pamewaka, hiyo si hukumu. Kifua kikuu huwaka. Kidonda kinachopona huwaka. Upande mwingine, saratani nyingi za tezi dume hazili FDG sana, na kwa hizo kuna dawa nyingine ya florini-18 au gali-68 inayoshika protini iitwayo PSMA. Mpelekee daktari wa PET majibu yako yote ya zamani, na umwambie ukiwahi kuugua kifua kikuu.

Hatua ya nane: kufunga siku

Mabomba, sindano na pamba hufungiwa chumba cha risasi mpaka vipoe, kesho au keshokutwa hutupwa kama taka za kawaida za hospitali baada ya kupimwa. Upande wa Dar ni vigumu zaidi: utando wa shabaha hubaki na kobalti yenye mionzi kwa miezi na miaka, na hauchanganywi na chochote. Mishahara ya walinzi wa stoo hiyo iwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Kipimo kimoja cha ubora hakiwezi kumalizika kabla ya sindano: kuotesha FDG kwa siku 14 kuona kama bakteria wataota. Chupa huwa imeshatumika. Ndiyo maana chujio hujaribiwa asubuhi ile, na ndiyo maana hospitali ya Unguja haina budi kuhifadhi namba ya chupa, majina ya waliochomwa na simu za jamaa zao, hata yule wa Micheweni asiyekuwa na simu yake mwenyewe, ili siku ya kumi na nne maabara ikisema kuna kilichoota, mtu aweze kupigiwa jioni hiyo hiyo.